Ngoma Iko Huku: Mwaliko Kutoka Morogoro

"Ngoma Iko Huku" ni miongoni mwa nyimbo za dansi zilizompatia sifa Salum Abdallah, mwimbaji na kiongozi wa Cuban Marimba Band ya Morogoro. Ulirekodiwa kati ya mwaka 1955 na 1965, miaka ambayo Tanganyika ilipata uhuru, ikaungana na Zanzibar na kuanza kuitwa Tanzania. Jina la wimbo ni mwaliko mtupu: anayetafuta raha asihangaike, aje huku.

Salum Abdallah alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Alipokuwa kijana, mapenzi yake makubwa yalikuwa santuri za Cuba. Tangu mwaka 1933 kampuni ya HMV ya Uingereza ilikuwa ikiuza barani Afrika mfululizo wa santuri zilizotambulika kwa herufi GV, nyingi zikiwa za muziki wa Cuba. Mojawapo ya nyimbo maarufu za mfululizo huo ilikuwa "El Manisero", uliorekodiwa New York mwaka 1930 na okestra ya Don Azpiazú. Wasikilizaji wa Afrika hawakujua Kihispania, lakini miguu ilielewa, maana sehemu kubwa ya mapigo yale ilikuwa imevuka bahari pamoja na Waafrika waliopelekwa Cuba utumwani. Inasimuliwa kwamba kijana Salum alifika hadi Mombasa akitafuta meli ya kumpeleka Cuba. Safari haikuwezekana, akarudi kwao. Mwaka 1948 akaanzisha kundi lililoitwa La Paloma, jina la wimbo wa zamani wa Kihispania unaojulikana dunia nzima. Miaka michache baadaye kundi hilo likageuka Cuban Marimba Band.

Uti wa mgongo wa muziki wa Cuba ni vijiti viwili vya mti mgumu. Mpigaji huvigonganisha mara tatu, huacha nafasi ndogo, kisha hugonga mara mbili, na mzunguko huo haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Gitaa, ngoma na sauti za waimbaji hupita juu yake, mara zikitangulia, mara zikichelewa kidogo, na kuchelewa huko ndiko kunakomfanya msikilizaji atikise bega bila kujijua. Salum Abdallah aliuchukua mtambo huo mzima, akaupa maneno ya Kiswahili. Kazi hiyo si nyepesi. Karibu kila neno la Kiswahili hupanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtunzi asipokuwa makini maneno na mapigo huvutana. Katika nyimbo zake hayavutani hata kidogo, na hapo ndipo ulipo ubingwa wake kuliko katika mambo ya kuiga.

Mwaliko wa "Ngoma Iko Huku" ulikuwa na uzito wa pekee mjini Morogoro. Morogoro Jazz Band ilikuwapo tangu mwaka 1944, na katika miaka ya 1960 ilimpata Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa ambaye jina lake lingeenea Afrika Mashariki nzima. Mji ulikuwa mdogo, bendi kubwa zilikuwa mbili, na mashabiki waligawanyika kama wa timu za mpira. Katika hali hiyo, kumwambia mtu kwamba ngoma iko huku ni kumwambia pia kwamba haiko kule. Ushindani huo uliufaa sana muziki wa dansi, kwa sababu hakuna bendi iliyoweza kulala.

Muziki wa mjini ulifika hata mbali: kusini mwa mkoa wa Morogoro, zaidi ya kilometa 200 kutoka mjini, liko bonde la Kilombero na mji wake wa Ifakara. Siku hizo njia ilikuwa barabara ya vumbi kupitia Mikumi na Kidatu, na masika mito ilipofurika bondeni, safari iligeuka mtihani. Reli ya TAZARA, inayopita bondeni humo, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kabla ya hapo muziki wa mjini ulisafiri kwa redio kuliko kwa basi: Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na santuri nazo zilibebwa kwa uangalifu, kwani zile za mizunguko 78 kwa dakika zilivunjika kama sahani. Bonde lilikuwa na ngoma zake, ikiwamo sangula, na watu wake ni Wandamba, Wambunga, Wapogoro na wengine wengi. Kiwanda cha sukari kilipoanza Kilombero mwanzoni mwa miaka ya 1960, vibarua wakaja kutoka pande zote za nchi. Katika mchanganyiko kama huo, wimbo wa Kiswahili ulikuwa wa kila mtu. Hakuna kabila lililoweza kusema ni wake, wala lililojiona mgeni ndani yake.

Kazi za Cuban Marimba zilitolewa kwenye lebo ya Mzuri ya duka la Assanand, Mombasa, na hivyo zikauzwa Kenya pia. Salum Abdallah aliendelea kutunga hadi mwisho. Wimbo wake "Wanawake Tanzania" lazima uwe wa mwaka wake wa mwisho au karibu na hapo, kwa kuwa jina Tanzania lilianza kutumika rasmi Oktoba 1964, naye alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, akiwa hajafikisha miaka 40. Uongozi wa bendi ulishikwa na Juma Kilaza, aliyeiongoza katika miaka ya 1970. Baadaye kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilikusanya rekodi za Salum Abdallah katika albamu moja, na katika nyimbo zote ikachagua "Ngoma Iko Huku" kuwa jina la albamu hiyo.