Ukimya Si Sifuri

Kila Jumatatu asubuhi, katika zahanati nyingi za Tanzania, muuguzi hufungua rejesta ya wagonjwa wa wiki iliyopita, akahesabu, kisha akatuma hesabu yake kwa simu ya mkononi. Kipindupindu, sifuri. Surua, sifuri. Kimeta, sifuri. Aliyeng'atwa na mbwa, mmoja. Hesabu hiyo hupanda wilayani, ikafika mkoani, ikaishia wizarani.

Asiyeijua kazi hii huuliza: ya nini kutoa taarifa ya kitu ambacho hakipo? Swali lina haki yake, na jibu lake ndilo msingi wa taaluma nzima ya kufuatilia magonjwa ya mlipuko. Zahanati isiyotuma chochote huenda haina mgonjwa hata mmoja. Huenda pia ina wagonjwa ishirini na muuguzi mmoja aliyeelemewa hata hapati nafasi ya kushika kalamu. Kwa mratibu aliyeko wilayani, hali hizo mbili zinafanana kabisa. Sifuri iliyoandikwa inamwambia: tumetafuta, hatukuona. Ukimya haumwambii lolote.

Miaka kadhaa iliyopita nilifika katika zahanati moja iliyokuwa ikituma sifuri ya surua wiki baada ya wiki. Niliomba rejesta, nikaisoma ukurasa kwa ukurasa. Nilikuta watoto wanne wa kitongoji kimoja, wote na homa, vipele na macho mekundu. Wawili wameandikiwa malaria, wawili mzio. Hakuna aliyedanganya. Kila mtoto alihudumiwa siku yake, akapewa dawa, akaenda zake. Kilichokosekana ni mtu wa kuwasoma wanne hao pamoja. Sifuri ile ilikuwa imeandikwa bila kutafuta, na kwa maana hiyo ilikuwa ukimya uliovikwa tarakimu. Tangu siku hiyo, nikipokea sifuri huuliza kwanza imepatikanaje.

Mfumo unaozaa taarifa hizi una umri wa kutosha. Mwaka 1998, nchi za Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kuunganisha ufuatiliaji wa magonjwa yote muhimu katika mkondo mmoja, badala ya kila ugonjwa kuwa na fomu zake na gari lake. Baadaye zikaja Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007. Nchi ikishapima tukio na kuona kwamba linaweza kuwa dharura ya kimataifa, ina saa 24 za kulitolea taarifa. Lakini saa hizo haziwezi kuanza kuhesabiwa kabla mtu mmoja, mahali fulani, hajaona kwamba kuna jambo lisilo la kawaida.

Tuanze na ugonjwa unaodharauliwa kuliko yote. Kwa lugha ya kila siku, mafua ni makamasi na chafya, na asali na tangawizi vinatosha. Homa ya mafua inayoletwa na virusi vya influenza ni jambo jingine. Humwangusha mtu ghafla kwa homa, kikohozi na maumivu ya viungo, na kwa mzee, mjamzito, mtoto mchanga au mwenye kisukari inaweza kuishia kwenye nimonia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka ugonjwa huu huua kati ya watu 290,000 na 650,000 kwa matatizo ya upumuaji.

Ugumu wake uko katika kubadilika. Kirusi cha influenza A kina chembe za urithi zilizogawanyika katika vipande 8. Kila kinapojinakili hukosea kidogo hapa na pale, na makosa yakilimbikizana, kinga uliyoipata zamani haikitambui tena. Mara chache hutokea jambo zito zaidi: virusi viwili tofauti, tuseme cha nguruwe na cha binadamu, hukutana ndani ya seli moja na kubadilishana vipande. Kinachozaliwa hapo huweza kuwa kigeni kwa miili ya karibu watu wote duniani. Janga la mwaka 1918, ambalo kwa makadirio mengi liliua watu wapatao milioni 50, lilionyesha kirusi kigeni cha mafua kinaweza kufanya nini.

Ndiyo sababu mafua hayafuatiliwi kwa kumhesabu kila anayekohoa. Zinateuliwa hospitali na vituo vichache, na humo kila wiki wagonjwa wenye homa ya nyuzi 38 au zaidi na kikohozi kilichoanza ndani ya siku 10 huchukuliwa sampuli: kijiti chenye pamba puani au kooni, kichupa chenye maji maalumu, sanduku la barafu, safari ya kwenda maabara. Huko hutambuliwa aina ya kirusi, na baadhi ya sampuli husafirishwa hadi kwenye maabara za kimataifa ili zisomwe kwa undani. Mtandao wa dunia unaounganisha maabara hizo ulianza mwaka 1952. Mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, wataalamu wake hukaa na kupendekeza chanjo ijayo itengenezwe dhidi ya virusi gani. Nchi isiyopeleka sampuli huacha virusi vyake nje ya mazungumzo hayo. Na sisi tulio karibu na ikweta tuna hoja yetu: kwetu mafua hayasubiri majira ya baridi, huzunguka karibu mwaka mzima. Wakati mzuri wa kuchanja Nairobi au Mwanza hauwezi kunakiliwa kutoka kalenda ya London.

Kama kuna anayedhani kazi hii ni ya makaratasi, akumbuke Aprili 2009. Watoto wawili wa kusini mwa California, wasiofahamiana na ambao hakuna aliyekuwa amegusa nguruwe, waligundulika kuwa na kirusi cha mafua chenye asili ya nguruwe ambacho hakikuwa kimeonekana kabla. Hawakuwa mahututi. Sampuli zao zilichukuliwa kwa sababu mmoja alipitia kliniki iliyokuwa ikijaribu kipimo kipya, na mwingine kituo kilichokuwa kikifuatilia mafua. Wakati huohuo Mexico ilikuwa ikihangaika na wagonjwa wa nimonia kali. Juni 11 dunia ilitangaziwa janga, na kabla ya mwezi huo kwisha Kenya ilikuwa imethibitisha mgonjwa wake wa kwanza. Watoto wale wangeweza kupona nyumbani bila mtu kujua. Tuliwajua kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyekuwa akitafuta.

Lakini orodha ya Jumatatu ina mpaka wake: huhesabu magonjwa yenye majina. Ugonjwa usio na jina hauna mstari kwenye fomu. Hapo tunahitaji sikio zaidi ya kalamu: mwalimu anayeona darasa limepungua ghafla, mwenyekiti wa kijiji aliyezika watu watatu wa ukoo mmoja, mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyesikia jambo kisimani. Mwaka 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa, kichwa na uchovu, na baadhi yao kutokwa damu puani. Fikra za wengi zilikimbilia Ebola. Sampuli zilipimwa, Ebola na nduguye Marburg zikaondolewa, na Julai 18 Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ni homa ya mgunda, yaani leptospirosisi, inayosababishwa na bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama na kuchafua maji na udongo. Hadi siku hiyo wagonjwa walikuwa 20 na waliofariki 3. Ugonjwa ulipopata jina, hofu ilipata mipaka na tiba ikajulikana: antibaotiki, tena zile za kawaida.

Jina pia ndilo linalotuambia tupigane vipi, kwa kuwa kila ugonjwa una mwendo wake. Mwenye mafua huanza kuambukiza siku moja hivi kabla hajajisikia vibaya, na dalili hutokea siku moja hadi nne baada ya kuambukizwa. Ukianza kuwatafuta waliokaa naye, tayari wao wameshaambukiza wengine. Mafua yakishaenea, basi, tunapunguza mwendo wake: chanjo kwa walio hatarini, kunawa mikono, barakoa, madirisha wazi, mgonjwa kubaki nyumbani. Marburg ni kinyume chake. Huua sana, lakini anayeambukiza ni aliyekwisha kuugua, kupitia damu na majimaji ya mwili, na dalili zinaweza kuchukua hadi siku 21 kujitokeza. Muda huo ndio nafasi yetu. Ukiwapata wote waliomgusa mgonjwa, ukawatazama kila siku kwa siku 21 na kumtenga kila anayeanza homa, mnyororo unakatika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Bukoba. Machi 2023 zilianza taarifa za vifo vya ajabu vijijini, na Machi 21 Marburg ikatangazwa, kwa mara ya kwanza nchini Tanzania. Waliougua walikuwa 9, wakafariki 6, miongoni mwao mhudumu wa afya. Watu zaidi ya 200 waliotangamana na wagonjwa walifuatiliwa.

Kipimo kinachotumika siku hizi kupima wepesi wetu huandikwa 7-1-7: siku 7 za kugundua mlipuko, siku 1 ya kutoa taarifa, siku 7 za kukamilisha hatua za mwanzo za kuudhibiti. Mara nyingi saba ile ya kwanza ndiyo ngumu, na kinachoichelewesha huwa ni hofu. Mfugaji akiona kuku wake wanakufa, husema ni kideri, huwahi kuwauza waliobaki na kunyamaza. Mara nyingi kweli ni kideri. Lakini mafua ya ndege huanza kwa sura hiyohiyo, na mwanzoni mwa mwaka 2017 Uganda iliyathibitisha kwa ndege pori na ndege wa kufugwa kandokando ya Ziwa Victoria. Ukimwambia mfugaji kwamba akitoa taarifa banda lake litateketezwa na hatalipwa hata senti, umemfundisha kunyamaza. Vivyo hivyo kwa muuguzi anayefokewa kwa kuharibu takwimu za wilaya kila anapotaja mgonjwa, na kwa familia iliyonyanyapaliwa kwa kumpeleka baba hospitali. Maabara ya kisasa hupima sampuli iliyoifikia tu. Fidia ya haki kwa mfugaji, shukrani kwa muuguzi na heshima kwa mgonjwa ni vifaa vya kazi yetu sawa na vipimo.

Mlipuko wa Bukoba ulitangazwa kwisha Juni 2, 2023. Kanuni inataka zipite siku 42, mara mbili ya zile 21, bila mgonjwa mpya. Siku hizo huhesabiwa tangu mgonjwa wa mwisho apone au azikwe. Kwa mbali huonekana kama siku za kupumzika, lakini ndizo siku za kugonga milango: kuna mwenye homa humu? Kuna msiba uliotokea usiku? Kila jioni sifuri moja, iliyotafutwa nyumba kwa nyumba. Arobaini na mbili za namna hiyo zikikamilika ndipo Waziri husimama na kusema yamekwisha, naye akaaminika.

Kwa hiyo siku mhudumu wa afya akibisha hodi kwako kuuliza kama kuna mgonjwa, mkaribishe na umjibu kweli, hata kama jibu ni kwamba wote hamjambo. Hilo nalo ni la kuandikwa.