Gari Limegoma Kuwaka? Usikimbilie Kununua Betri

Julai mwaka jana nilikuwa Uyole, Mbeya, kwa mjomba wangu, najiandaa kurudi Iringa kuanza mazoezi ya kufundisha. Mjomba ana Noah ya abiria. Hiyo ndiyo inalipa ada za wanawe, na bumu likichelewa inanisaidia na mimi. Tulipanga kutoka saa 11 alfajiri. Akazungusha ufunguo: tik! Akarudia: tik! Taa za ndani zikafifia, injini haikugeuka hata kidogo.

Fundi aliyeitwa alisikiliza mara moja tu akatoa hukumu: "Betri imekufa hiyo." Mjomba akanunua mpya, shilingi 180,000. Gari likawaka, tukapumua. Siku ya tatu, tik ileile. Sasa fundi akasema ni stata, na bei aliyoitaja ilizidi ya betri. Nikamwona mjomba anaanza kuhesabu pesa aliyoitenga kwa ada ya muhula wa pili. Bahati nzuri jirani akatuletea fundi mwingine, mzee mmoja mwenye mita ndogo mkononi.

Nikamwamkia, akaniambia, "Marahaba mwanangu, shika tochi uone." Akaweka nyaya za mita kwenye vichwa vya betri: volti 12.5. Akamwambia mjomba, "Kijana, piga selfu." Tik! Mita ikabaki juu ya 12. Akahamisha waya mmoja: mwisho mmoja kwenye kichwa cha hasi cha betri, wa pili kwenye chuma cha injini. "Piga tena." Mita ikasoma volti karibu 5.

Mimi nasoma ualimu wa fizikia, na hapo nikaona aibu kidogo, maana jibu lilikuwa kwenye daftari langu. Umeme hutoka chanya ya betri, unapita kwenye stata, unarudi hasi kupitia chuma cha injini na waya mnene ambao mafundi wanauita ethi. Kati ya hasi na injini mita inatakiwa kusoma karibu sifuri, isizidi nusu volti wakati wa kupiga selfu. Ikisoma 5, maana yake volti 5 zinapotelea njiani. Mzee akafungua bolti ya ethi: chini yake kutu tupu. Akasugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, akakaza. Gari likawaka mara moja. Betri ya zamani ilikuwa haina kosa.

Kwa nini kutu kidogo isumbue hivyo wakati taa zilikuwa zinawaka? Tumia kanuni ya Ohm: volti ni mkondo mara ukinzani. Tuseme kutu ina ukinzani wa ohm 0.03. Taa zikivuta ampea 5, zinapotea volti 0.15 tu, huwezi kuona tofauti. Lakini stata ikitaka ampea 150, zinapotea volti 4.5! Stata inabaki na njaa. Nadhani ndiyo maana betri mpya ilitudanganya: ilikuwa na nguvu zaidi kidogo, na nyaya zilitikiswa wakati wa kuifunga.

Kwa hiyo gari likigoma, kabla ya kufungua pochi sikiliza na utazame:

1. Kimya kabisa, dashibodi giza. Angalia vichwa vya betri kama vimelegea au vina unga mweupe, kisha fyuzi kuu. Betri yenyewe inaweza kuwa imeisha kabisa.

2. Taa zinawaka vizuri, hazififii, lakini kimya. Mara nyingi umeme haufiki kwenye stata. Kama gari ni otomatiki, sogeza gia kwenye N ujaribu tena. Ikishindikana, tazama fyuzi, relei na swichi ya ufunguo.

3. Tik-tik-tik ya haraka, au tik moja na taa zinafifia. Ni betri dhaifu au maungio mabovu, na pengine stata iliyokwama. Hapa ndipo wengi tunapigwa. Pima kwanza.

4. Injini inazunguka kwa nguvu lakini haishiki. Betri na stata ni wazima. Tafuta kwenye mafuta, plagi, koili au fyuzi ya pampu.

Namba za kukumbuka ni hizi. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, husoma karibu 12.6. Wakati wa kupiga selfu, ikishuka chini ya 10, ichajiwe kisha ipimwe upya. Injini ikiwaka inatakiwa kusoma kama 13.8 hadi 14.5. Ikibaki 12 na kushuka, altaneta haichaji, na hata ukinunua betri tatu zote zitaisha.

Huku kwetu kuna baridi pia. Asubuhi za Juni na Julai, kuanzia Uyole, Makambako mpaka Mafinga, betri hutoa nguvu pungufu huku oili ikiwa nzito. Betri iliyochoka huonekana mbovu alfajiri, mchana ikawa nzima.

Mambo ya usalama: ukifungua betri anza na hasi, ukirudisha malizia na hasi. Ukibusti, unganisha chanya kwa chanya, kisha hasi ya gari zima, na waya wa mwisho uufunge kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayolipuka. Sigara weka mbali. Na Noah ya otomatiki msiisukume, mtachoka bure.

Yule mzee alimdai mjomba 10,000. Nilipofika Iringa, somo langu la kwanza la umeme nilifundisha kwa betri, balbu na misumari miwili, mmoja wenye kutu. Wanafunzi walibishana kipindi kizima balbu inafifia kwa nini, na sikuwaambia jibu mpaka walipopima wenyewe.