Trekta kuukuu: Usikimbilie kununua betri

Betri ya trekta kuukuu inapozimika, mkulima wa Dagoretti au Kikuyu huenda akafunga safari hadi Barabara ya Kirinyaga, katikati ya jiji la Nairobi, kununua nyingine. Lakini iwapo kasoro imo katika mfumo wa chaji, betri mpya nayo itazimika vivyo hivyo.

Matrekta ya kale kama Massey Ferguson 35 yaliundwa na dainamo, wala si olteneta. Kwanza, kagua mkanda wa feni na usafishe vichwa vya betri. Kisha pima betri injini ikiwa imezimwa: iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6.

Ikiwa volti hazipandi injini inaponguruma, ondoa nyaya mbili za dainamo, D na F. Unganisha sehemu hizo kwa waya mfupi, kisha upime volti kati ya waya huo na bodi ya trekta, ukiongeza mwendo wa injini polepole. Usipitishe volti 20. Kipimo kikipanda haraka, dainamo ni nzima. Chunguza kidhibiti chaji na nyaya zake. Kisipopanda, fundi na akague brashi kwanza. Huenda ndizo zimelika tu.