Ekzosi Mpya kwa Gari la Zamani: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kulipa

Kando ya Ziwa Mweru, magari mengi yanayobeba samaki na abiria kati ya Kashikishi, Nchelenge na Mansa yalikwisha kutumika miaka kadhaa huko Japani kabla ya kufika kwetu. Injini zake zingali imara, lakini ekzosi, yaani bomba la kutolea moshi, huoza mapema. Kila injini inapowaka, maji hutengenezwa ndani ya bomba, na gari linaloishia safari fupi za sokoni halipati joto la kutosha kuyakausha. Kutu huanzia ndani, mahali pasipoonekana. Kisha mawe na mashimo ya njia za vumbi humalizia kazi.

Wengi hudhani kazi ya bomba hilo ni kupunguza kelele tu. Sisi polisi tunakihofia zaidi kile kisichosikika. Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayoipita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Tundu dogo chini ya sakafu iliyooza latosha kuipenyeza ndani. Hatari ni kubwa zaidi katika pikapu na magari yaliyofunikwa kwa turubai. Gari linapokwenda, hewa ya nyuma huvutwa kurudi ndani ya bodi, ikimfikia mtoto aliyelala juu ya magunia. (Kubeba watu juu ya mizigo hatukukubali hata bomba likiwa zima.) Kwa sababu hiyo, mdomo wa bomba lazima utokeze nje kabisa ya bodi. Fundi akikushauri ulikate liishie chini ya sakafu ili kuokoa chuma, mkatalie.

Katika kuchagua, anza na kipimo. Chukua bomba la zamani, upime kipenyo chake, nawe utafute lililo sawa. Vijana wenye teksi hupenda bomba nene wakiamini kwamba litaongeza nguvu. Kwa injini ndogo ya lita moja na nusu ambayo haikubadilishwa kitu kingine, mara nyingi kinachoongezeka ni kelele, na mvuto wa mwendo wa chini waweza hata kupungua. Ama kuondoa sailensa kabisa, hilo ni kuwanyima usingizi wagonjwa wa hospitali na jirani zako wote bila faida yoyote.

Chuma cha kawaida ni rahisi kwa bei, lakini huoza upesi. Kilichopakwa alumini hudumu zaidi, na chuma kisichoshika kutu hudumu kuliko vyote. Wapo wauzaji wanaotumia sumaku kuthibitisha aina ya chuma, lakini kipimo hicho hakiaminiki, maana baadhi ya vyuma visivyoshika kutu huvutwa na sumaku. Ukinunua lililotumika, ligonge kwa mkono na kulitikisa. Likilia kama lina kokoto ndani, sailensa yake imekwisha.

Kuna kifaa kingine kinachohitaji uangalifu, nacho ni kisafisha gesi, kile chenye vitundu mfano wa sega la nyuki. Ndani yake mna platini, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani, na ndiyo maana wezi hukikata chini ya magari. Usikiuze kwa mpita njia, wala usinunue kilichokatwa kwa msumeno bila risiti na bila kumjua muuzaji, kwani kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Vipuri vinavyovuka mpaka vitangazwe forodhani, na karatasi zake zitunzwe garini. Kumbuka pia kwamba Wakala wa Usafiri na Usalama Barabarani, RTSA, hukagua uzima wa magari, nayo Sheria ya Usafiri Barabarani Na. 11 ya 2002 inatumika kwako hata kama gari lina namba za Kongo.

Siku ya kufunga, injini iwe imepoa. Gari lisimame juu ya vigingi imara. Jeki peke yake isitegemewe. Kabla ya kuchomelea, vichwa vya betri vifunguliwe, na madumu ya petroli yaondolewe mbali. Gasketi ziwe mpya, na raba za kuning'iniza zilizopasuka zibadilishwe, kwa kuwa bomba linalocheza hukata maungio yake lenyewe. Boliti zote zishikwe kwa ulegevu kwanza, bomba lisawazishwe, ndipo zikazwe kuanzia mbele kwenda nyuma. Hakikisha halikaribii mabomba ya mafuta wala ya breki. Kisha washeni injini mahali pa wazi, mmoja azibe mdomo wa nyuma kwa kitambaa kinene kwa muda mfupi. Penye mwanya patasikika mlio wa kuvuja. Baada ya kilomita 100 hivi, kaza tena.

Usiegeshe gari lililotoka safarini juu ya nyasi kavu. Kisafisha gesi hufikia nyuzi joto 400 na zaidi, na wakati wa kiangazi hilo latosha kuanzisha moto.

Limebaki jambo la wafanyabiashara wanaolala garini ufukweni wakisubiri mitumbwi. Mbu ni wengi, madirisha hufungwa, na injini huachwa ikiunguruma ili simu zijae chaji. Hata bomba zima haliufanyi usingizi huo kuwa salama. Zimeni injini, mtumie chandarua. Mtu akiamka na maumivu ya kichwa, kichefuchefu na ulegevu, hudhaniwa kuwa ana malaria, akapewa dawa na kurudishwa garini. Mtoeni kwanza kwenye hewa safi, kisha mpelekeni hospitali, mkimwambia muuguzi waziwazi kwamba alilala katika gari lenye injini inayowaka. Kifaa kile kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni chaweza kuonyesha kwamba yu mzima ilhali damu yake imejaa gesi hiyo.