Ubongo Umesema, au Kompyuta Imekisia?

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza katika jarida la Nature habari za mwanamke anayeugua ALS, maradhi yanayoua neva zinazoendesha misuli, ambaye maneno yake yalikuwa hayaeleweki tena. Vipandikizi vyenye elektrodi 128 vilinasa umeme wa seli za ubongo wake kila alipojaribu kutamka, na kompyuta ikaandika maneno 62 kwa dakika. Ni rahisi kusema mashine imesoma mawazo. Haikusoma. Sentensi iliyotokea kwenye skrini ilitungwa na wawili, ubongo wa mgonjwa na modeli ya lugha, na mgonjwa ana haki ya kujua kila mmoja amechangia nini.

Elektrodi haisikii neno. Inachopokea ni mipigo ya umeme ya milisekunde moja hivi kila mmoja, yenye nguvu ya makumi au mamia ya mikrovolti, imechanganyika na kelele za seli jirani. Kompyuta huhesabu mipigo hiyo, kisha modeli ya kwanza hukadiria fonimu: hapa huenda ni b, huenda ni p, huenda mtu amenyamaza. Makadirio hayo hupelekwa kwa modeli ya pili, ile ya lugha, iliyojifunza kutokana na maandishi mengi neno gani hufuata lipi, nayo huchagua sentensi inayoelekea kuwa sahihi. Katika jaribio la Stanford, modeli ilipochagua kati ya maneno 125,000, ilikosea asilimia 23.8 ya maneno. Ilipobanwa kwenye maneno 50 tu, makosa yakashuka hadi asilimia 9.1. Mtu ni yule yule, elektrodi ni zile zile. Ubongo haukusema kwa ufasaha zaidi. Ni nafasi za kukosea zilizopungua.

Atakayepinga atasema sikio nalo hukisia, maana katika kelele za soko tunajazia silabi tusizozisikia. Kweli, lakini msikilizaji akikwama hukunja uso na kuuliza. Modeli ikikwama huandika sentensi safi isiyo na dalili ya shaka. Mwingine atataja jaribio la Chuo Kikuu cha California, Davis, la 2024, lililofikia usahihi wa asilimia 97.5 kwa maneno 125,000, kwa elektrodi 256. Hayo ni mafanikio makubwa, wala sidai modeli ya lugha iondolewe. Bila hiyo mgonjwa angepewa rundo la sauti. Ninachodai ni kwamba kila ripoti itoe pia kiwango cha makosa ya fonimu kabla ya modeli ya lugha kusaidia, na skrini ionyeshe neno gani limekisiwa kwa mashaka.

Kwa Kiswahili suala hili lina uzito wa pekee. Orodha ya maneno iliyotosha Kiingereza itazidiwa na vitenzi vyetu vinavyobeba nafsi, wakati, mtendwa na mnyambuliko kwa pamoja: hatukumpikia, watakaponipikia. Mgonjwa akijaribu kutamka neno lisilo kwenye orodha, mashine itaandika lililo karibu nalo, na kukanusha kunaweza kugeuka kukubali. Modeli ya Kiswahili itafaa zaidi ikijengwa juu ya mofimu, yaani vipande vya neno vyenye maana, na hilo halingoji chumba cha upasuaji. Linahitaji wanaisimu, waandishi wa programu na maandishi ya kutosha.