Sembungan: Kijiji cha mawinguni kinachokula mlima wake

KISIWA cha Java nchini Indonesia husifiwa kwa mashamba yake ya mpunga, ngazi juu ya ngazi za maji yanayong'aa juani. Lakini, msomaji, kuna Java nyingine isiyojua mpunga. Hiyo ni Java ya milimani, ambako baridi hupenya hadi kwenye mifupa, ukungu hushuka kabla ya alasiri, na kinachosomesha watoto ni kiazi.

Ukitoka mji wa Wonosobo, katikati ya kisiwa, barabara hupanda ikijipinda kwa kilomita 26 hivi mpaka uwanda wa Dieng, ulio takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Njiani utapita mashamba ya majani chai ya Tambi. Chai ikiisha, viazi vinaanza, na havina mwisho. Mbele zaidi, kwenye mita 2,300 hivi, ndipo kilipo Sembungan, kijiji kinachosifika kuwa cha juu kuliko vyote kisiwani Java. Nyumba zimebanana kando ya ziwa dogo liitwalo Cebong, na kila upande vilima vimelimwa hadi utosini.

Mahali hapa paliheshimiwa tangu kale. Inasemekana jina Dieng lina maana ya makao ya miungu. Zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, Wajava waliofuata dini ya Kihindu walijenga mahekalu ya mawe uwandani, na machache yangali yamesimama hadi leo. Wenyeji wa siku hizi ni Waislamu, lakini mahekalu hayo wameyapa majina ya mashujaa wa utenzi wa Mahabharata: Arjuna, Bima, Gatotkaca na wengineo.

Mgeni akibisha hodi katika nyumba ya mkulima, huenda asiketishwe sebuleni. Atakaribishwa jikoni, karibu na moto, kwa maana huko ndiko familia inakoota. Wanaume hujitanda saruni mabegani mfano wa shuka. Chai ya moto italetwa pamoja na sahani ya viazi vya kukaanga. Zamani wazee wa milimani walikula mahindi yaliyosagwa na kupikwa kama wali, kwa sababu mpunga haustawi kwenye baridi kali. Siku hizi wali wenyewe hununuliwa kwa fedha za viazi.

Na fedha hizo hazikuwako siku zote. Kabla ya miaka ya 1980 watu wa Dieng walitegemea zaidi mahindi na tumbaku. Kisha kilimo cha viazi kikaenea kama moto wa nyikani, hasa vya aina iitwayo Granola. Viazi hukomaa kwa miezi mitatu au minne, na mkulima mwenye maji aweza kupanda mara mbili, hata tatu, kwa mwaka. Nyumba za mbao zikageuka za matofali, pikipiki zikaingia uani, na watoto wakapelekwa shule za mbali. Baadhi ya wakulima waliweza hata kwenda kuhiji Makka.

Lakini kizuri hakikosi ila. Kiazi hakipendi kulala majini. Kikilowa sana huoza. Kwa hiyo wakulima wengi huchimba matuta yanayoteremka na mlima badala ya kuukata kwa upande. Mvua ikinyesha, maji hukimbia bondeni bila kusimama. Kiazi kinapona, lakini udongo unaondoka na maji hayo.

Usidhani mkulima huyu ni mjinga. Anajua vyema kwamba matuta ya kukinga mteremko yangeshika udongo. Lakini ana shamba dogo, amenunua mbegu, dawa na mbolea ya kuku inayoletwa kwa malori kutoka mabondeni, na mara nyingi amekopa. Zao moja likioza, deni litamkaba kooni. Akiwekwa baina ya udongo wa kesho na deni la leo, atachagua kulipa deni.

Mambo yalizidi baada ya mwaka wa 1998. Rais Suharto aliyeitawala Indonesia kwa miaka zaidi ya thelathini alijiuzulu Mei mwaka huo, wakati uchumi ulikuwa umeporomoka. Mkono wa serikali ukalegea, na katika sehemu nyingi za Java watu wakaingia misitu ya taifa na shoka. Dieng haikusalimika. Miti iliyokuwa imefunika vilele ilikatwa, na pahali pake pakapandwa viazi.

Gharama ya jambo hilo hawailipi watu wa Dieng peke yao. Huku ndiko kunakoanzia mto Serayu, unaoteremka hadi Bahari ya Hindi. Huko chini, katika wilaya ya Banjarnegara, kuna bwawa kubwa la umeme la Mrica lililoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka baada ya mwaka linajaa matope ya milimani. Na huko juu kwenyewe, maziwa madogo yanazidi kuwa na kina kifupi, yakijazwa udongo upande mmoja na kunyonywa na pampu za kumwagilia viazi upande wa pili.

Hayo tisa, kumi ni hatari za mlima wenyewe. Kati ya Juni na Septemba, wakati wa kiangazi, kuna usiku ambapo mbingu huwa wazi, upepo hutulia na umande huganda kuwa barafu. Watalii kutoka miji ya joto hufurahi kupigwa picha kwenye nyasi nyeupe. Mkulima hana furaha hiyo. Wajava wa huko huuita umande huo bun upas, yaani umande wa sumu, kwa sababu jua likichomoza majani ya viazi hunyauka na kuwa meusi kana kwamba yameunguzwa. Usiku mmoja watosha kufuta kazi ya miezi.

Tena Dieng ni volkano iliyo hai. Mvuke hufuka kutoka ardhini, na mabomba ya kituo cha umeme wa mvuke hukatiza katikati ya mashamba. Udongo mweusi unaolisha viazi ni zawadi ya volkano hiyo, lakini mlima huohuo hudai fidia. Alfajiri ya Februari 20, 1979, matetemeko yaliwaamsha watu na kreta ya Sinila ikalipuka. Wanakijiji walikimbia kujiokoa, na njiani wakakutana na gesi ya kabonidayoksaidi iliyotoka kwenye nyufa za ardhi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutulia mabondeni. Watu wasiopungua 140 waliangukia barabarani wakafa.

Mbona basi wasihame? Wahamie wapi? Java ina watu zaidi ya milioni 150 na ardhi yake imejaa tangu zamani. Anayeacha shamba lake la mlimani huishia kuwa kibarua katika jiji lisilomjua. Afadhali ya huku, ambako jirani humsaidia jirani kazi.

Hata hivyo, wapo wanaotafuta njia nyingine. Kingoni mwa mashamba hupandwa carica, aina ya papai dogo la milimani ambalo halimudu joto la pwani. Huchemshwa katika maji ya sukari, likatiwa chupani na kuuzwa mjini Wonosobo. Mti huu hudumu shambani kwa miaka kadhaa na mizizi yake husaidia kushika udongo. Vijana nao huongoza wageni alfajiri kupanda kilima cha Sikunir kutazama jua likichomoza, na familia hupangisha vyumba. Kila shilingi isiyotokana na kiazi humpunguzia mlima mzigo.

Dieng kuna desturi moja ya ajabu. Watoto wengine, baada ya kuugua homa, huota nywele zilizosokotana kama za rasta. Hazikatwi mpaka mtoto mwenyewe aseme yuko tayari, na akisema, hutaja zawadi anayoitaka. Mmoja ataomba baiskeli, mwingine mbuzi, mwingine yai tu. Wazazi sharti waitimize, hata kama ni ya gharama, la sivyo inaaminika nywele zitarudi vilevile.

Wazazi hao hawajawahi kushindwa kutafuta baiskeli wala mbuzi. Swali linalowangoja ni gumu zaidi: mtoto huyo akikua na kuomba shamba, je, watakuwa na udongo wa kumpa?