Hamlet Hakusitasita

Kila mwaka swali ni lile lile. Wanafunzi wanaliuliza, walimu wenzangu wanaliuliza, na waigizaji wanaojiandaa kwa jukwaa wananipigia simu usiku kuliuliza: kwa nini Hamlet wa Shakespeare alishindwa kuamua? Hakuna anayeuliza kama kweli alishindwa. Hilo wamekwisha kuliamini, wanachotafuta ni sababu tu. Mmoja atasema ni msomi mno, mwingine ni mwoga, wa tatu ana ugonjwa wa akili. Ni sawa na kumwandikia mtu dawa kabla ya kumpima.

Hadithi yenyewe sitaisimulia. Tuhesabu siku.

Katika tendo la kwanza Hamlet anasema babake hajatimiza hata miezi miwili kaburini. Usiku wa mchezo mbele ya mfalme, katika tendo la tatu, Ophelia, msichana aliyempenda, anamkumbusha kwamba imepita minne. Kwa hiyo huo "uzembe" wote unaosemwa ni wa miezi kama miwili. Ndani ya miezi hiyo kijana ana nini mkononi? Neno la mzuka wa babake, basi. Babake aliuawa amelala bustanini, sumu ikamwagwa sikioni, na Denmark yote imeambiwa aliumwa na nyoka. Shahidi hakuna. Isitoshe, Hamlet amesoma Wittenberg, mji wa Martin Luther, na Waprotestanti wa zama zile walifundishwa kwamba kinachokuja kwa sura ya marehemu huenda kikawa shetani anayewinda roho ya aliye hai. Hofu hiyo anaitamka mwenyewe mwishoni mwa tendo la pili. Anaambiwa amuue mfalme, Claudius, tena ndugu ya babake, kwa ushahidi wa kivuli cha usiku. Anataka uthibitisho kwanza. Sisi tulioona vikongwe wakikatwa mapanga kwa sababu mganga kapiga ramli tungepaswa kuwa wa kwanza kumwelewa.

Uthibitisho anaupata. Waigizaji wanaonyesha mauaji ya bustanini, Claudius anainuka na kuondoka ukumbini. Kuanzia hapo saa inakwenda mbio. Hamlet anamkuta mfalme kapiga magoti peke yake, na anamwacha. Anafika chumbani kwa mama, anasikia sauti nyuma ya pazia, anachoma upanga bila kuuliza ni nani. Alidhani ni mfalme, na anasema hivyo mbele ya maiti. Ni Polonius, baba wa Ophelia na Laertes. Hazipiti siku, yuko chini ya ulinzi anapelekwa Uingereza. Kati ya kupata ushahidi na kuua mtu ni sehemu ya usiku mmoja. Nionyesheni kusitasita kuko wapi hapo. Msiba wote unaofuata, wazimu wa Ophelia, kifo chake majini, Laertes na upanga wenye sumu, unatoka katika pigo lile la pazia, yaani katika haraka.

Imebaki sala ya Claudius, ambayo ndiyo silaha kubwa ya wanaobisha. Hamlet anaeleza wazi kwa nini anarudisha upanga alani: akimuua akiwa anaomba toba atampeleka peponi, naye anamtaka motoni. Mhakiki Samuel Johnson, katika toleo lake la Shakespeare la mwaka 1765, aliyachukua maneno hayo yalivyo na akaona yanatisha mno kusomwa. Wahakiki waliokuja baadaye hawakustahimili. Hawakutaka kijana wanayempenda awe na chuki ya kiasi hicho, wakaamua kwamba hakumaanisha, kwamba ni kisingizio cha mtu aliyeogopa. Goethe, katika riwaya iliyoanza kutoka mwaka 1795, akamchora kama roho laini iliyotwishwa mzigo isiouweza. Coleridge akahadhiri kwamba fikra zilimzidi hata akashindwa kutenda. Freud mwaka 1900 akaleta habari za mama. Kisha filamu ya Laurence Olivier ya mwaka 1948, iliyopata tuzo ya Oscar, ikawaambia watazamaji tangu mwanzo kwamba hii ni tanzia ya mtu asiyeweza kuamua. Sentensi hiyo ya filamu, ambayo Shakespeare hakuiandika, ndiyo inayofundishwa leo kana kwamba ni tamthilia yenyewe.

"Lakini mwenyewe anajilaumu!" Ndiyo, anajilaumu. Mfiwa gani hajilaumu? Aliyekesha hospitalini na mgonjwa wake mwezi mzima atakuambia alichelewa. Lawama ya mfiwa inaonyesha uchungu wake, nanyi mnaisoma kama hukumu ya mahakama. Tena ile hotuba ya tendo la nne, anapoliona jeshi la Fortinbras, mwanamfalme wa Norwei, na kujikaripia kwa ukali, imo katika chapa ya 1604 na 1605, lakini haimo katika kitabu kikubwa cha 1623. Nadharia inayoegemea nguzo hiyo ijiulize itasimama vipi ikiondolewa.

Na kuna jambo la Aristotle, linalochochea swali hili. Neno lake kuhusu shujaa wa tanzia, hamartia, linatokana na kitenzi chenye maana ya kukosa shabaha. Ni kosa analotenda mtu, wala si kilema alichozaliwa nacho. Vitabu vya mwongozo vimeligeuza kuwa "kasoro ya tabia", na mwanafunzi sasa anapekua kila shujaa kama daktari anayepekua ngozi akitafuta upele. Matokeo yake mabadiliko ya mhusika hayaonekani, kwa sababu kilema hakibadiliki.

Hamlet anabadilika, na ninaumia kuona jambo hili zuri linapitwa. Mwanzoni ni mfiwa aliyekasirishwa na ndoa ya mama na Claudius kuliko kitu kingine. Dunia inamnukia uozo, na kisasi anakiapa kwa mihemko. Katikati amekuwa mpelelezi, na upelelezi unamharibu: anamtukana Ophelia hadharani, anakokota maiti ya mzee kama gunia, anatamani motoni roho ya mtu aliye kwenye sala. Anakaribia kufanana na anayemwinda. Baharini anafungua barua ya kuuawa kwake, anaandika nyingine, anaigonga muhuri wa marehemu babake, na marafiki zake wawili wa utotoni wanakwenda kufa badala yake. Akimsimulia rafiki yake Horatio anasema dhamiri haimsumbui. Mimi naamini ndipo alipofika chini kabisa.

Anaporudi ni mtu mwingine. Hadi tendo la nne alikuwa akitusemesha peke yake jukwaani, hotuba baada ya hotuba. Katika tendo la tano hakuna hata moja. Hana tena mjadala wa faragha. Makaburini anashika fuvu la Yorick, mchekeshaji aliyembeba mgongoni utotoni, na anatazama mauti bila kelele. Anamwomba Laertes msamaha. Hapangi tena mtego wowote. Anasema yuko tayari, lije litakalokuja. Na anapomuua Claudius hatimaye, mbele ya watu wote na baada ya Laertes kutaja wazi nani aliyetia sumu, anamtaja mama yake aliyekufa sasa hivi. Baba hamtaji. Aliyeianza njia hii kwa amri ya mzuka anaimaliza bila mzuka.

Laertes ndiye aliyewekwa hapo kujibu swali lenu. Naye kauliwa baba, naye hachelewi hata siku: anavunja mlango wa ikulu na kusema yuko tayari kumkata Hamlet koo kanisani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kabla tendo la nne halijaisha ni chombo cha Claudius, anapaka upanga sumu, na sumu hiyo inamuua mwenyewe.

La kufanya ni hili. Mwanafunzi: fuata hotuba za peke yake kwa mpangilio, andika nini kimebadilika kati ya moja na inayofuata, kisha eleza zinapokoma. Linganisha Hamlet, Laertes na Fortinbras, wana watatu waliopoteza baba. Mwigizaji: usinung'unike tendo zima, cheza kasi ya usiku ule, na maneno ya kuitakia moto roho ya Claudius yaseme kama unayaamini. Mwongozaji: ukipunguza tamthilia, usikate safari ya bahari, maana bila hiyo mabadiliko hayana chanzo. Mwenye nafasi asome pia habari za Hieronimo, mlipiza kisasi katika tamthilia ya Thomas Kyd ya miaka ya 1580. Naye anasubiri apate hakika kabla ya kulipiza.

Walimu wenzangu, "kwa nini Hamlet alishindwa kuamua" tulifute katika karatasi za mitihani. Tuwaulize watoto alikosea wapi, na baada ya kukosea akawa nani.